Nani Analala Wapi

Kabla sijamsema Nesi, nianze na la kwangu, maana mtu akijificha nyuma ya habari za mwenzake watu humshuku, na wana haki. Nesi aliniuliza swali moja: katika nyumba yako, nani analala wapi? Nikamdanganya. Kwa uongo ule mama mkwe wangu alitafutwa mahali ambapo hakuwepo, na lawama zote akatwishwa Nesi. Haya, sasa mnajua mnamsikiliza nani.

Tulimwita Nesi tu. Jina lake bila shaka lilikuwa kwenye kitambulisho, ila sikumbuki mtu yeyote akilitamka. Alifanya kazi miaka mingi hospitalini Haydom, akastaafu, na badala ya kurudi kwao akaja kununua kiwanja kwetu, huku chini ya mlima Hanang, mwendo wa saa moja kwa miguu hadi Katesh. Kwao wapi? Ukimwuliza atasema, "Mbali, magharibi huko," halafu atakuuliza kama choo chako kina mfuniko. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mwendo wa kukimbilia wodini, na kila siku alijitanda ushungi, Mwislamu peke yake katika kitongoji ambacho Jumapili kengele mbili za kanisa hushindana.

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, lakini sijifichi pia. Nauza maharage mnadani, na asiyeshuku mnadani hurudi nyumbani na debe lenye mawe. Kwa hiyo Nesi alipofika nilimkazia macho tangu siku ya kwanza, na alinipa sababu nyingi.

Kwanza kile kiwanja. Mashamba mazuri yako bondeni, karibu na korongo, udongo mweusi, ukitupa mbegu usiku asubuhi unaikuta imechungulia. Yeye akaenda kuchagua kule juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi hawapapendi. Aliyemwuzia alitusimulia kwamba hakuuliza bei kwanza wala rutuba. Aliuliza, "Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?" Tukatazamana. Mtu mzima mwenye mafao yake ananunua mawe ya nini? Wengine wakasema ana ramani, anatafuta rupia alizofukia Mjerumani. Wakamvizia wiki mbili waone atachimba wapi. Alichimba mtaro wa maji na shimo la choo, basi, na bado hawakuamini.

Pili, filimbi. Aliivaa shingoni pamoja na funguo, asubuhi hadi jioni, msibani na harusini. Tatu, lile begi. Nyuma ya mlango wake lilining'inia begi la mgongoni la rangi ya kijani, na hakulificha; alimfungulia yeyote aliyeingia. Tochi, dawa ya kutibu maji, kamba, kanga mbili, cheti cha kustaafu kimefungwa kwenye nailoni, kibiriti kimefungwa kwenye nailoni nyingine, chumvi, na pipi nusu kilo. Nilimwuliza pipi za nini kwa mama mzima kama yeye. "Mtoto aliyeogopa hasikii amri, Mama Neema," akanijibu. "Anasikia pipi."

Cha ajabu, jikoni kwake chumvi ilikuwa haikai. Mara ngapi amekuja kwangu na kikombe! "Niazime chumvi kidogo, mwanangu." Nami namwambia, shikamoo Nesi, si unayo kwenye begi? Anatikisa kichwa: "Ile ni ya siku ile." Alisema hivyo kila mara, siku ile, kama kwamba alikwisha kuiona. Hilo ndilo lililotutisha zaidi ya filimbi. Majirani walisema mtu anayengoja balaa kila siku ndiye anayeliita, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Na alikuwa na mambo yake ya kuchekesha. Alitufundisha kulala na viatu kando ya kitanda na njia ya mlangoni iwe wazi, lakini mlango wake mwenyewe aliufunga kwa kufuli tatu. Nikamwuliza, "Je, moto ukiwaka, utauomba usubiri ufungue zote?" Akakasirika. Akasema wezi anawaogopa kuliko moto, kwa sababu moto hauchagui. Wiki ile ile kamba ya funguo ilimkatikia sokoni Katesh, akarudi akakuta kufuli tatu zinamtazama. Alivunja dirisha lake kwa jiwe mchana kweupe akaingia kichwa kwanza, nusu mtaa tukishuhudia. Tulicheka mpaka machozi. Alipotokea upande wa pili alitwambia, "Mmeona? Dakika nne. Siku ile dakika nne ni nyingi." Akatoa kufuli mbili.

Angekuwa ameishia kwenye begi na filimbi tungemwacha na kichaa chake. Lakini akaanza daftari.

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lile la kaunta. Akapita nyumba kwa nyumba, kuanzia korongoni kupanda juu, na kila nyumba akaipa namba na ukurasa. Anakaa, anakunywa chai, anauliza hali za ng'ombe, kisha analifungua na kuuliza swali lake: nani analala wapi? Hakuuliza tuko wangapi tu, hapana. Chumba gani, upande gani, kichwa kimeelekea wapi. Jamani, swali gani hilo la kumwuliza mwenye nyumba? Hata mume wangu, dereva wa lori anayerudi mara moja kwa mwezi, hajawahi kuniuliza watoto wanaelekeza vichwa wapi.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tulimwita Bibi, alipopata habari aligeuka mbogo. Kwake kuhesabu watu ni mwiko. "Watu si maharage," alisema. "Ukiwahesabu, wanapungua." Na juu ya hilo alikuwa na neno jingine alilolirithi kwa wazee waliokaa na hofu ya wavamizi, wakijenga nyumba zilizozama ardhini ili zisionekane: anayejua unapolala anajua pa kukuulia. Akanionya nisithubutu.

Sasa nieleze Bibi alilala wapi, maana hapo ndipo penye jambo. Sisi tulikuwa na nyumba mpya, ya matofali na bati. Nyuma yake lilibaki tembe la zamani, fupi, paa la udongo, ukuta wa nyuma umeingia kwenye mteremko. Mwanawe alimjengea chumba kwenye nyumba mpya, upande wa kulia, kitanda cha mbao, godoro, kitambaa kilichodariziwa maua. Bibi akakaa humo usiku mmoja. Akasema bati linapiga kelele, na baridi, na hakuna anayepumua karibu yake. Akarudi tembeni kwa ndama wake na mbuzi, kwenye joto lao, akalala huko miaka yote.

Lakini hilo si la kumwambia mtu wa afya! Kila aliyewahi kupeleka mtoto kliniki amehubiriwa: binadamu na mifugo mbalimbali. Bwana afya amewahi kupita na vitisho vya faini. Na Nesi huyo huyo, enzi za kazi yake, alisimama mbele yetu kina mama kliniki ya Haydom akasema anayelala na ndama anakunywa kikohozi cha ndama. Leo niseme kwamba mama mkwe wangu, mwenye mwana dereva na nyumba ya bati, analala na mbuzi? Ningeuweka wapi uso wangu?

Basi nilimwambia, "Bibi analala chumba cha kulia." Nikamwongoza mpaka chumbani nikamwonyesha kitanda cha maua. Nesi akaweka kiganja juu ya godoro, akakibonyeza, akanitazama. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kajifunika shuka yake, midomo imekazwa. Nesi akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," wakashikana mikono. Kisha akaandika. Niliona amebadilisha kalamu akatia kitu kidogo kwa wino mwekundu, sikuona ni nini. "Haya, nitapita tena Jumatatu," alisema. Hakupita, nami nikamshukuru Mungu.

Miezi haikuwa mingi. Ulikuwa msimu wa mvua, mvua isiyo na adabu, mlima umefunikwa wiki nzima hatuuoni. Neema wangu alianguka akavunjika mkono, nikapanda naye basi kwenda Haydom, tukalala huko. Mwanangu mkubwa alikuwa shule ya bweni, baba yao safarini, nyumbani akabaki Bibi. Alfajiri ya pili mlima ukameguka. Sitaieleza sana, walioiona hawataki kuelezwa. Matope yalishuka na mawe na miti mizima, yakafuata korongo, yakatanuka. Mimi simu yangu haikuwa na chaji. Nesi alizoea kutuambia mvua ikizidi simu isizime, na yangu ilizima. Habari nilizipata stendi, midomoni mwa watu.

Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo sehemu ya mwisho nilikwenda kwa miguu, mtoto na plasta yake mgongoni. Nilifika alasiri. Wanaume walikuwa wamechimba tangu asubuhi kwa majembe na sufuria na mikono, na Nesi amesimama katikati yao, ushungi umelowa, daftari ndani ya nailoni, anasoma kwa sauti iliyokauka. Na lile daftari lilifanya kazi, lazima niseme hivyo hata kama siku zile sikusema. Nyumba ya pili kutoka korongoni walichimba alipowaambia, kona ya kushoto, wakatoa watoto wawili chini ya meza, wazima. Hakupoteza muda hata kidogo.

Kwangu walikuwa wanachimba chumba cha kulia.

Nyumba mpya ilikuwa imejaa matope hadi madirishani. Walikuwa wameshakifikia kitanda cha maua, wamekitoa vipande, wameingia chini yake, na bado wanakwenda chini. Nyuma, mahali pa tembe, palikuwa na kilima tu. Hakuna aliyepagusa, kwani ukurasa ulisema kule hakuna mtu. Nilipiga kelele, "Siyo huko! Tembeni! Yuko tembeni!" Wakageuka wote. Wakakimbilia kule, wakafukua mpaka jua lilipoanza kuzama.

Bibi alikuwa ameketi, kaegemea ukuta wa nyuma uliokuwa bado umesimama. Amekufa, lakini mwili wake haukuwa umepoa kabisa. Ndama mmoja alikuwa amelala mapajani mwake, naye alikuwa anapumua.

Kijana mmoja mwenye chepe akamgeukia Nesi: "Umeandika vibaya! Tumechimba kutwa nzima pasipo mtu kwa sababu yako!" Mwingine akadakia, na mwingine. Nesi akalifunga daftari. Alinitazama mimi. Palikuwa na nafasi ya neno moja hapo, neno dogo sana, na watu wote wangelisikia. Nikainamisha uso kwa Bibi nikalia, na kilio changu kilikuwa cha kweli, lakini pia nilijificha ndani yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza. La kwanza nilidanganya kwa aibu. La pili nilinyamaza huku mtu anaangamia mbele yangu.

Baada ya msiba kitongoji kizima kiligeuka cha kujiandaa. Mungu wangu, mngetuona! Wale wale waliomcheka Nesi sasa wanaangalia kwenye simu video za Wazungu wanaoishi mashimoni na makopo ya maharage. Katesh wachuuzi wakaleta filimbi na tochi za sola, zikaisha asubuhi moja. Kila nyumba ikawa na begi nyuma ya mlango. Mwenyekiti wa kitongoji aliweka suti ndani ya lake. Zikaja semina, soda na vitabu vya picha, watu wakanyoosha mikono kuuliza maswali ambayo Nesi alikwisha kuyajibu bure kwa miaka. Yeye alikaa viti vya nyuma. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Begi walilikubali, lakini daftari walilikataa. Daftari, walisema, ndilo lililomwua Bibi. Nesi akipita, milango inafungwa. Wengine wakachimbua na maneno ya zamani: kwa nini nyumba yake ilibaki? Kwa nini alichagua kule juu? Alijua! Nami nikiwa kwenye mafungu yangu ya maharage niliyasikia yote hayo. Siku moja mteja aliniuliza, "Ati wewe ndiwe yule ambaye Nesi alimwulia mkwe?" Nikampimia maharage yake. 

Na mwaka wa pili mabegi nayo yakachoka. Biskuti zililiwa Pasaka. Tochi zikaenda kulinda mahindi. Filimbi zote zikahamia uwanja wa mpira, ikawa mechi moja ina waamuzi sita. Begi la kwangu Neema alilibeba shuleni, nami sikumkataza. Jua likiwaka mlima unakuwa mzuri, watu wanajenga tena bondeni kwenye udongo mweusi. Nesi aliendelea kuja kuazima chumvi kwangu. Hakuacha hata wiki. Nilishuku anakuja kunichunguza, anangoja niteleze, na kila nilipomjazia kikombe nilifanya haraka ili aondoke. Aliuliza habari ya ng'ombe. Yule ndama amekua, ndiye ninayemkamua sasa, na Nesi hupenda kusimama zizini kumtazama.

Mwaka huu tumevuna vizuri. Juzi tulikuwa kwangu kina mama saba tunapukuchua mahindi, redio iko wazi, na redio ikasema mvua zitakuwa juu ya wastani. Tukautazama mlima, tukaendelea. Ndipo Nesi akatokea njiani na daftari kwapani, jipya. Amezeeka. Ushungi ule ule, filimbi ile ile, ila mwendo wa wodini umekwisha, anasimama kupumua.

"Shikamoo Nesi," tukasema, kwa sababu adabu ni adabu.

"Marahaba wanangu. Mmesikia redio? Naanza upya, kutoka korongoni."

Hakuna aliyeinua uso. Kisha Mama Daudi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ulimi wake unajulikana, akasema, "Safari hii uandike vizuri basi, usije ukatuulia mwingine."

Kina mama wawili wakacheka. Nesi akashusha daftari, akalishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na nikaona kidevu chake kinacheza. Mama mzee wa watu, peke yake, ameshuka kilima kuja kutukanwa kwenye uwanja wangu. Nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijaiita.

"Hakuandika vibaya. Aliandika nilichomwambia. Bibi alikuwa analala tembeni na ndama tangu zamani, mimi nikasema chumba cha kulia. Nilidanganya kwa sababu ya aibu. Na siku ile mlipomtukana nilikuwa nasikia, nikanyamaza."

Redio iliendelea na matangazo yake. Mtu mmoja akanyoosha mkono akaizima.

Nesi alikaa juu ya gunia. Kutoka kwenye mkoba wake akatoa daftari la zamani, limevimba kwa maji, kurasa zimekunjamana, akalifungua mahali alipopajua bila kutafuta. Akanionyesha. Mstari wa Bibi ulikuwa pale, chumba cha kulia, na kando yake alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

"Kitanda kile hakikuwa kimelaliwa," alisema. "Na mkono wa mama ulinuka moshi na ndama. Nilijua. Nikasema sitamwaibisha mkamwana mbele ya mkwe wake, nitarudi Jumatatu niulize taratibu. Nikaona uvivu. Sikurudi, na siku ile nikasoma mstari, alama nikaisahau."

"Mbona hukuwaambia watu?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia.

"Ulikuwa na msiba, mwanangu." Akafunga la zamani, akafungua jipya, akatoa kalamu. "Haya. Sema polepole, niandike. Wewe unalala wapi?"

Nikamwambia. Mimi, Neema, mkubwa akirudi likizo, baba yao akiwepo, vichwa vimeelekea wapi. Alipomaliza mstari wa mwisho hakuna aliyekuwa akipukuchua isipokuwa Mama Daudi, naye gunzi lake lilikuwa tupu kitambo, analisugua tu kwa kidole gumba.

"Nesi," alisema, bila kumtazama mtu. "Na mimi unirekebishie. Baba mkwe halali chumba cha mbele."

Nesi akalowesha kidole, akafunua ukurasa mwingine.

"Nyumba ya nne," alisema. "Baba analala wapi?"